Kilimia cha Barabarani: Vijana wa Nairobi na Kunyoosha Magurudumu

Hapana mzee wa Pwani asiyelijua jina la kilimia. Ni kile kikundi cha nyota ndogo ndogo zilizosongamana, ambacho mabaharia na wakulima wetu walikitazama wapate kujua majira, na neno lenyewe limetoka katika kulima. Wazee wametuachia na msemo wake, kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Waarabu hukiita Thurayya. Na Wajapani, ambao nao ni watu wa bahari kama sisi, hukiita Subaru.

Nimeanza na nyota kwa kuwa kilimia cha siku hizi huzuka kila jioni katika barabara za Nairobi, wala hakingoji mvua wala jua. Simama Westlands, pale Waiyaki Way inapomimina magari yatokayo mjini kwenda Kangemi na Uthiru, nawe utalisikia gari hilo kabla hujaliona. Lina mngurumo mzito wa mapigo yasiyolingana, kama ngoma iliyokosa mpigaji mmoja. Likikupita utaona mbele yake nyota sita, moja kubwa na tano ndogo. Kampuni iliyoyaunda, Fuji Heavy Industries, ilianzishwa Japani mwaka 1953 kwa kuunganishwa kampuni tano. Zile tano ndio nyota ndogo, na hiyo mpya ndiyo kubwa. Mwaka huo huo wa 1953 ndio yalipoanza kwetu Afrika Mashariki mashindano ya magari ya Safari, yakiitwa Coronation Safari kwa ajili ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Vitu viwili vilivyozaliwa mwaka mmoja, kila kimoja upande wake wa dunia, vikaja vikakutana katika vumbi la Kenya.

Ama niliyokusudia leo si mbio. Ni jambo la spana na uzi. Katika miaka hii vijana wa Nairobi wenye magari haya ya kasi, na hasa Subaru Impreza na Forester zenye turbo, wameanza kujinyooshea magurudumu wenyewe, nyumbani, katika maegesho ya majumba ya ghorofa ya Kileleshwa na Kilimani, na katika viwanja vya udongo vya Kangemi na Dagoretti Corner. Kazi ambayo baba zao walimpelekea fundi, wao wanaifanya Jumapili asubuhi wamevaa kaptula. Nitaulizwa, ukurasa wa utamaduni na nati za gari vina uhusiano gani? Jawabu langu ni kuwa ukitaka kujua watu wanaamini nini, tazama kile wasichokubali kumwachia mtu mwingine akifanye.

Kwa faida ya wale ambao hawajapata kulala chini ya gari, nitaeleza kidogo. Gurudumu lina namna tatu za kusimama vibaya. Ya kwanza ni kama mtu atembeaye vidole vya miguu yake vikielekeana, au vikitazama nje kama bata. Mafundi huiita toini na toauti. Ya pili ni matege. Ukilitazama gari kutoka mbele, gurudumu limelala nje kwa juu, au limelala ndani kama mtu ambaye magoti yake yanagongana. Hii huitwa kemba, ingawa katika midomo ya Nairobi husikika kama kamba, na tutaona kuwa kamba nayo ina sehemu yake katika habari hii. Ya tatu ni kasta, yaani kule kulala nyuma kwa mhimili ambao gurudumu hugeukia, kama uma wa baiskeli ulivyolala. Hiyo ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe ukishatoka kwenye kona. Katika Impreza hizi ya tatu haina nati ya kuirekebisha kama gari lilivyotoka kiwandani, kwa hivyo vijana hushughulika na zile mbili za mwanzo.

Sisi tuliosoma chuoni kwa ubao tunaijua hesabu hii kwa jina jingine. Maalimu alikuwa akitazama alifu kabla ya kutazama herufi nyingine yoyote. Alifu ikilala, mstari mzima hulala. Na kuna hesabu kubwa kuliko hiyo, nayo ni ya kibla. Mombasa na Makka ziko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini na kusini. Tofauti yake ni kama dakika kumi tu za nyuzi, na ndiyo sababu mtu wa Mombasa akielekea kaskazini barabara huwa ameelekea kibla. Aliyeko Nairobi, kwa mfano katika msikiti wa Jamia uliokamilika mwaka 1933 katikati ya mji, inambidi apinde kama nyuzi 7 kuelekea mashariki. Sasa mtu wa Mombasa akikosea kwa uzi mmoja, yaani sehemu moja katika 360 za duara, basi mstari wake ukifika usawa wa Makka utakuwa umepita kando kwa karibu kilomita 50. Wanazuoni wamelijadili suala la kuielekea Kaaba yenyewe au upande wake, na mimi si wa kuingia hapo. Ninachosema ni kuwa mtu aliyelelewa katika hesabu hiyo haambiwi kuwa uzi mmoja ni kitu kidogo.

Gari nalo ni hivyo hivyo. Gurudumu likipotoka kwa uzi mmoja kutoka njia ambayo gari linakwenda, basi katika kila kilomita moja husukumwa kando mita 17 na nusu. Halizunguki katika mita hizo. Linaburutwa, mpira unasuguliwa juu ya lami kama kifutio juu ya karatasi. Kutoka Nairobi hadi Mombasa, safari ya kilomita kama 480, hizo ni zaidi ya kilomita 8 za kuburutwa tu. Tairi iliyonunuliwa kwa fedha nyingi huisha upande mmoja ilhali upande wa pili ungali mpya, na aghalabu upande unaoisha ni ule wa ndani, ambao mwenye gari hauoni mpaka apige magoti.

Basi kwa nini vijana wameamua kuifanya kazi hii wenyewe? Sababu ya kwanza iko mlangoni kwetu, katika bandari ya Kilindini. Japani wana ukaguzi wa lazima uitwao shaken, ambao gari la mtu binafsi hupitishwa linapotimia miaka mitatu na kisha kila baada ya miaka miwili. Katika ukaguzi huo gari hupitishwa juu ya bamba linalopima jinsi magurudumu yanavyosukuma kando, na likizidi milimita 5 kwa kila mita moja halipiti. Gari likizeeka, gharama za kulifikisha katika kipimo hicho na vinginevyo huwa nzito, na Mjapani huona ni nafuu kuliuza. Nasi tunalipokea. Lakini Kenya nayo ina kanuni yake: gari lililokwisha tumika haliingii likiwa limepita miaka minane. Kwa hivyo zile Impreza zinazopendwa kupita kiasi, za miaka ya 1990 na za mwanzo wa miaka ya 2000, hazishuki tena Kilindini. Zilizoko Nairobi ni zile zilizoingia zamani, zikapita mikono mitano au sita, kila mkono ukiongeza turbo kubwa na kupunguza bushi nzima. Bushi ni zile pete za mpira zinazoshika vyuma vya miguu ya gari. Zikichakaa, gurudumu halikai pale ulipoliweka. Kijana anayenunua gari la namna hiyo hanunui gari, amenunua ugonjwa sugu, na mtu mwenye ugonjwa sugu huishia kuwa nusu daktari.

Sababu ya pili ni kukosa imani. Nairobi haikosi mafundi. Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wangali wakiiita Grogan, ina maduka ya vipuri yaliyobanana kama punje za mtama, na mafundi wa jua kali wa huko wanaweza kukufungulia injini na kuifunga kabla ya swala ya adhuhuri kuingia. Mashine za kisasa za kupimia kwa mwanga ziko nyingi pia. Lakini mashine hupima tu, haifungi nati. Mimi mwenyewe nilipeleka gari katika gereji moja ambayo sitaitaja, nikapewa karatasi nzuri yenye tarakimu za kijani, na nilipotoka nje usukani ulikuwa umekaa kama kofia ya mtu aliyelala. Walikuwa wamerekebisha mbele, nyuma hawakugusa. Impreza hurekebishwa nyuma vile vile, na kwa haki nyuma ndiko kunakoanzwa, kwa sababu magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi. Ukinyoosha mbele kabla ya nyuma umepanga safu kwa kumfuata maamuma aliyekaa upogo.

Sababu ya tatu ni simu. Mtu anaweza leo kumtazama fundi wa Osaka au wa Marekani akifungua nati ile ile aliyonayo yeye, akamsimamisha, akamrudisha nyuma, akamtazama tena mara kumi. Wazee wetu wa chuoni walikuwa wakisema kuwa aliyekifanya kitabu ndiye sheikh wake, makosa yake huzidi usawa wake. Nimelifikiri neno hilo mara nyingi katika habari hii ya vijana. Fundi wa zamani alikuwa na silsila. Alijifunza kwa fulani, ambaye alijifunza kwa fulani, na ukikosea ulipigwa kofi la shingo pale pale. Simu haipigi kofi. Haikuoni ukifunga nati kinyume.

Juu ya hayo, nitasema nilichokiona kwa macho yangu, kisije kikasemwa kuwa nawasengenya watu. Mpwa wangu mmoja, aliyezaliwa Mombasa na kufanya kazi Nairobi, anaishi Kileleshwa na ana Impreza ya kizazi cha pili, ile iliyotengenezwa kati ya 2000 na 2007. Nilimkuta siku moja chini ya nyumba yao pamoja na rafiki yake, ambaye ni fundi wa Kangemi. Walikuwa wamesimamisha vyuma vinne, viwili mbele ya gari na viwili nyuma, na kati yake wamevuta uzi wa waashi kila upande, kwenye kimo cha katikati ya magurudumu.

"Shikamoo mjomba," akasema bila kuinuka.

"Marahaba. Mnajenga nyumba au mnatengeneza gari?"

"Tunatafuta mstari, mjomba. Hatujagusa nati hata moja. Saa nzima tunatafuta mstari tu."

Hapo nikakaa juu ya ndoo, maana jibu hilo lilinipendeza. Walipima kutoka kwenye uzi hadi kitovu cha gurudumu la mbele, kisha la nyuma, kulia na kushoto, wakisogeza vyuma nusu milimita nusu milimita mpaka nyuzi zile mbili zikawa sambamba na mwili wa gari. Upepo wa tairi ulikuwa umepimwa na kulinganishwa. Usukani ulikuwa umenyooshwa na kufungwa kwa kamba ya kiti. Walikwisha kutandika chini ya magurudumu ya mbele vigae viwili viwili vya sakafu vyenye grisi katikati, ili gurudumu ligeuke bila kung'ang'ania saruji. Yule fundi akaniambia kuwa wengine hutumia mifuko ya plastiki badala ya grisi, kisha akacheka, kwa kuwa mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017 na kuwa nayo ni hatia.

Kisha wakapima kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, na kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa nyuma wa rimu ile ile. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayosema vidole vimeelekea wapi. Kwa matege walitumia timazi, ile ile ya fundi wa nyumba, uzi wenye jiwe la risasi, wakaishusha mbele ya rimu na kupima pengo la juu na la chini. Kwa rimu ya inchi 17 uzi mmoja wa kulala ni kama milimita 8 baina ya juu na chini. Nikamwambia mpwa wangu kuwa kwetu Lamu mafundi wa majahazi walikuwa wakipanga mbavu za chombo kwa uzi na jicho, na vyombo hivyo vikafika Bara Hindi. Akaniuliza, "Na vilivyopinda, mjomba?" Nikamwambia vilivyopinda havikurudi kusimulia.

Nyuma wakaanza, kwenye bolti yenye kichwa kilichokwenda upande, ambayo ukiizungusha husukuma mkono wa gurudumu. Kisha wakaenda kwenye matege ya mbele, kwa bolti ya juu kati ya mbili zinazoshika shoki kwenye kitovu. Mwisho kabisa wakaja kwenye vidole vya mbele, kwa zile fimbo za usukani ziitwazo tairodi. Utaratibu huo si wa mapenzi ya mtu. Ukigusa matege, vidole hupotoka vyenyewe. Ukigusa vidole, matege hayatikisiki sana. Anayeanza na vidole atafanya kazi mara mbili. Na kila walipolishusha gari kutoka kwenye jeki walilisukuma mbele na nyuma na kulikandamiza kwa mikono likae sawa, ndipo wakapima tena. Ilikuwa adhuhuri walipomaliza, na walizungusha tairodi nusu zamu tu upande mmoja na robo upande wa pili. Asubuhi nzima kwa robo tatu ya zamu!

Nasema wazi kuwa kazi hiyo nimeipenda. Ilikuwa na subira na ushahidi, na ilikuwa na mtu wa pili wa kusoma kipimo, ambaye ni kama shahidi wa pili katika mkataba. Sioni tofauti kubwa kati yake na ile ya fundi mwenye mashine, ila kuwa mashine ni nyepesi na husoma kwa haraka.

Lakini si wote walio hivyo, na hapa ndipo penye hatari. Kila tairodi ina nati ya kuibana ili isijizungushe. Ikiachwa haijakazwa, msukosuko wa barabara huifungua polepole, na gari lililonyooshwa vizuri asubuhi huwa limepotoka baada ya wiki. Na ikiachwa muda mrefu, fimbo yenyewe huweza kutoka katika uzi wake wa chuma, na hapo usukani huwa mapambo. Mpwa wangu alichora mstari wa rangi nyeupe juu ya nati na fimbo, ili akiona mstari umevunjika ajue imesogea. Nimeona wengine ambao hawakukaza wala hawakuchora. Nimeona pia gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake juu ya vile vitofali vya sakafu ya nje, vilivyopangwa juu ya mchanga, na kijana amelala chini yake hadi kiunoni. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikia. Gari la kilo 1,300 halimsubiri mtu amalize shahada.

Na kazi hii haimalizikii kwa mwenye gari. Kenya inapoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka barabarani, na walio wengi katika hao ni watembea kwa miguu na wapanda pikipiki, watu ambao hawakuwahi kushika spana ya mtu yeyote. Kijana wa Lavington akilegeza nati yake, anayeweza kuilipia ni mama wa Kawangware anayevuka barabara na mzigo wa mboga. Katika lugha ya sharia nafsi ya mtu ni amana kwa jirani yake.

Kuna jambo jingine ambalo silipendi hata kidogo. Ni hii mode ya kulilaza gari. Mtu anakata springi au ananunua fupi, gari linashuka mpaka tumbo linakaribia lami, kisha anayalaza magurudumu ndani kwa juu mpaka yanasimama kama miguu ya ndama aliyezaliwa leo. Kulaza kidogo kuna maana yake. Gari likikata kona kwa kasi huegemea nje, na gurudumu lililolazwa kidogo ndani husimama wima wakati huo na kukanyaga kwa upana wake wote. Nusu ya uzi, uzi mmoja, hata mbili kwa mshindani wa kweli. Lakini wanaolaza kwa nyuzi tano na sita hawakati kona yoyote. Wanakwenda kuegesha mbele ya mkahawa. Gari hilo linakanyaga kwa ukingo wa tairi tu, na siku ya mvua breki zake zinashika nusu ya mpira lililonao. Na Nairobi ni mji wa matuta. Kila penye shule, soko au kituo pana tuta, na matuta mengine yamemwagwa usiku na wenyeji wenyewe bila kipimo. Gari lililolazwa hupiga tuta, na kila pigo ni nyundo juu ya kile kilichonyooshwa.

La kuchekesha ni kuwa vijana hao hao watakutajia Safari. Watakuambia habari za Colin McRae, Mskoti aliyeshinda Safari ya 1997 kwa Impreza, na za Patrick Njiru, Mkenya aliyeendesha Subaru katika miaka ya 1990. Lakini tazama picha za magari yale. Gari la Safari halikulazwa, liliinuliwa! Lilipandishwa juu lipite mawe, likaimarishwa vyuma vya miguu, likafungwa vyuma mbele kwa ajili ya wanyama, na likawekewa bomba refu kando ya kioo ili injini ivute pumzi likiwa ndani ya mto. Kulionea fahari gari lile kwa kulifanya lako lifute lami ni kama kumpenda imamu kwa kuiga kikohozi chake.

Na ukitaka kumjua mshindani wa kweli, mtazame Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932. Huyu alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Alishinda Safari mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Ile ya 1965 aliishinda kwa Volvo iliyokwisha tumika, gari la mitumba kama haya yetu, na mbili za baadaye kwa Mitsubishi Lancer. Alilijua gari kwa mkono wake mwenyewe, na mkono huo ulijua lini kuacha. Mashindano yenyewe yalitoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, yakarudi 2021, yakaanzia tena pale mbele ya jumba la mikutano la KICC kabla ya kuelekea Naivasha, na naamini kuwa sehemu ya homa hii ya spana imetokana na kurudi huko. Mtoto aliyeyaona magari yale yakipita mjini hakurudi nyumbani kama alivyotoka.

Serikali nayo inalitazama jambo hili, ingawa jicho lake mara nyingi huona kelele kabla ya kuona nati. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari lililoko barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu. Lakini ukaguzi wa kila mwaka umekuwa zaidi wa magari ya biashara, na mwaka 2025 yalitolewa mapendekezo ya kanuni za kuyaingiza pia magari ya watu binafsi. Wengi walilalamika kuwa ni ushuru mwingine uliovaa kanzu ya usalama. Malalamiko hayo hayakukosa msingi, kwa kuwa mwananchi amezoea kuona kila kipimo kikigeuka kuwa risiti. Tena jina la Subaru lenyewe halisikiki tena kama zamani. Mwaka 2024, wakati wa maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, magari ya aina hiyo yasiyo na alama yalitajwa mara kwa mara katika habari za waliochukuliwa na watu wasiojulikana. Kijana mwenye Impreza nyeusi ananiambia kuwa akisimama mahali usiku watu huondoka.

Hata hivyo mimi nataka ukaguzi, ila uwe wa kupima kweli. Bamba lile la Wajapani la milimita 5 kwa mita halihitaji hongo wala maneno mengi. Gari linapita juu yake kwa mwendo wa mtu anayetembea, na tarakimu inajitokeza. Aliyenyoosha kwa uzi Kileleshwa na aliyenyoosha kwa mwanga Industrial Area watakutana juu ya bamba moja, na bamba halitamuuliza mtu alisomea wapi. Kijana kama mpwa wangu angelipita kwa furaha. Yule mwenye ndama wa miguu sita angelirudi nyumbani kutafuta springi zake.

Na kwa kuwa wasomaji wangu wengi wa Pwani hushuka kwa magari ya watoto wao na wakwe zao zikikaribia Idi, nitasema la kufanya kabla ya kuingia barabara ya Mombasa, na halihitaji uzi wala timazi. Geuza usukani mpaka mwisho ili gurudumu la mbele litokeze, kisha pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, halafu kutoka ndani kwenda nje. Ikiwa upande mmoja ni laini na upande wa pili unakwaruza kama msasa, vidole vya gari vimepotoka. Ikiwa ukingo wa ndani umeisha na wa nje ungali na mifereji yake, pengine ni matege, pengine ni bushi. Tazama na za nyuma, maana huko ndiko watu wasikotazama. Gari likivuta kushoto kidogo tu katika barabara ya lami usilaumu haraka, kwa kuwa barabara zetu zimeinuliwa katikati ili maji yateremke kando, nasi twaendesha upande wa kushoto. Lijaribu kwanza penye uwanja ulio sawa. Lakini ukiona waya zimechomoza katika ukingo wa ndani wa tairi, usiondoke nalo, hata kama mizigo imekwisha fungwa na watoto wamekwisha kukaa.